Saa Haijui Ndoo

Agosti mwaka jana, Nane Nane ilipopita, nilikwenda kumsalimia mama kijijini, mwendo wa bodaboda kutoka Bariadi mjini. Mkononi nilikuwa na saa. Si saa ya maana sana, ni zile zinazohesabu hatua, mapigo ya moyo na usingizi, halafu usiku zinakuletea ripoti kwenye simu kama mwalimu wa zamu. Niliinunua baada ya daktari kunitazama kitambi na kutikisa kichwa. Tangu hapo naishi kwa namba. Natakiwa kufikisha hatua 10,000 kwa siku, na siku nyingi sifikishi.

Mpwa wangu, binti wa dada, ana miaka 11 na anaishi na bibi yake. Akaiona ile saa. "Mjomba, hiyo inafanya nini?" Nikamweleza. Akaomba aivae siku moja tu. Nikamvalisha jioni ile ile, nikakaza mkanda mpaka tundu la mwisho, na asubuhi akaenda nayo shule ameificha ndani ya mkono wa sweta.

Jioni yake alirudi kutoka kisimani na ndoo ya mwisho. Akaishusha, saa ikatetemeka, kioo kikawaka fataki za rangi. Hatua 20,000. Na kwenye simu yangu ukaingia ujumbe wa pongezi: umevuka lengo mara mbili, endelea hivyo hivyo. Mtoto alifurahi mpaka akaanza kurukaruka. Na mimi nilifurahi, siwafichi. Nikamwita mama aje aone.

Mama alikuwa anachambua choroko. Hakuinua macho. Akauliza, "Hiyo saa imehesabu na ndoo?"

Nikamwambia, mama, hii inahesabu hatua.

"Sijakuuliza hatua. Nimekuuliza ndoo."

Ndugu msomaji, nimezunguka na swali hilo miezi yote hii. Mwanzoni nililichukua kama utani wa mtu mzima asiyejua mambo ya kisasa. Baadaye nikaanza kusoma kuhusu vifaa hivi na jinsi wanasayansi wanavyovitumia kuchunguza watoto, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba mama alikuwa ameuliza swali lenyewe hasa.

Tuanze na namna kinavyofanya kazi. Ndani ya saa ya hatua, na ndani ya vile vifaa vidogo ambavyo watafiti huwafunga watoto kiunoni, kuna kitu kinaitwa akselerometa. Kazi yake ni kuhisi mabadiliko ya mwendo: juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mtoto akikimbia, mtikisiko unakuwa mkubwa. Akitembea, unakuwa wa kadiri. Akikaa, unatulia. Kompyuta inachukua mitikisiko hiyo na kuigawa kwenye mafungu: kukaa, mwendo mwepesi, mwendo wa kadiri, mwendo mkali. Mwishoni inatoka dakika, na dakika zinalinganishwa na mwongozo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mwendo wa kadiri au mkali.

Sasa mwangalie binti yetu. Kisima chetu cha kiangazi ni shimo lililochimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka, kama kilomita moja kutoka nyumbani. Anakwenda mara mbili kabla ya shule na mara mbili jioni. Kwenda, ndoo ni tupu na anatembea anaimba. Kurudi, kichwani kuna lita 10, yaani kilo 10, na yeye mwenyewe sidhani kama anafika kilo 32. Akselerometa haihisi uzito. Kwake hatua ya kwenda na hatua ya kurudi ni hatua tu. Tena mwenye ndoo kichwani hujizuia asitikisike, hutembea polepole, shingo imenyooka, asimwage. Kwa hiyo pale anapofanya kazi ngumu kuliko zote, kifaa kinaweza kudhani amepunguza bidii.

Halafu kuna foleni. Maji ya mchangani yanajaa taratibu, unachota kwa kikombe, unasubiri yajae tena. Mtoto amesimama nusu saa kwenye baridi ya alfajiri, kifaa kinaandika kwamba ametulia. Msimu wa pamba ukifika, anainama shambani tangu asubuhi, mikono inakwenda kama cherehani, kiuno hakisogei. Kifaa kilichofungwa kiunoni kitaona kidogo sana. Akitumwa kuchunga, anakaa chini ya mti macho yote kwa ng'ombe wasiingie shamba la jirani. Kifaa kitasema amepumzika. Muulize yeye kama amepumzika.

Mtu atasema, basi vifaa hivi havina maana, tuvitupe. Hapana. Nataka niwatendee haki, kwa sababu kuna jambo moja vimelifanya ambalo sisi watu wa vijijini tunapaswa kulishukuru.

Kabla ya vifaa hivi, mtafiti alikuwa anauliza kwa karatasi. Unafanya mazoezi mara ngapi kwa wiki? Unashiriki mchezo gani? Mtoto wa miaka 11 hakumbuki hata alichokula juzi, atakumbuka dakika? Na zaidi ya hapo, maneno yenyewe yalikuwa yanampita. Muulize mpwa wangu kama anafanya mazoezi, atasema hafanyi. Mazoezi kwake ni vile wanavyofanya wanajeshi kwenye televisheni, au mjomba wake mwenye kitambi. Kutembea kilomita 12 kwa siku hakuna jina. Ni maisha. Kwa hiyo kwenye karatasi angeonekana mtoto asiyejishughulisha kabisa, na mtoto wa mjini anayepelekwa kwa gari kuogelea Jumamosi angeonekana bingwa.

Kifaa kiliondoa ujinga huo. Kilimhesabia mtoto maskini hatua zake kwa kipimo kile kile cha mtoto tajiri. Jirani zetu Kenya walilifanya hili mapema. Mwaka 2012 Robert Ojiambo wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzake walichapisha utafiti uliotumia akselerometa kwa vijana wa mjini na wa vijijini. Wa vijijini walikuwa na mwendo zaidi na muda mchache wa kukaa, na wa mjini walikuwa na mafuta zaidi mwilini. Miaka hiyo hiyo Nairobi iliingia kwenye utafiti mkubwa wa nchi 12 unaojulikana kama ISCOLE, uliowafunga watoto wa miaka 9 hadi 11 kifaa kiunoni kwa siku saba, mchana na usiku. Kenya ilikaa meza moja na Finland, Brazil, India na Marekani. Hilo si jambo dogo. Mtoto wa Kiafrika alihesabiwa kwa mwili wake, badala ya kukisiwa.

Kwa hiyo usahihi wa kifaa haunisumbui sana. Wahandisi watakiboresha, na kesho kutwa pengine kitajua na uzito wa ndoo. Kinachonisumbua ni zile fataki. Nani aliamua kwamba 20,000 ni habari njema?

Hata hiyo 10,000 yangu, nilikuja kujua, haikutoka maabara. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua kikaitwa Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina lilikuwa zuri, namba ilikuwa rahisi kukumbuka, ikaenea dunia nzima. Ilitengenezwa kwa watu ambao tatizo lao ni kukaa. Kwa mtu wa aina yangu, kila hatua inayoongezeka ni faida. Sasa ukimvalisha mtoto ambaye tatizo lake ni kutembea sana kwa kulazimika, kipimo kinageuka kichwa chini miguu juu. Kinaipongeza shida.

Fikiria hivi. Kuna mradi mkubwa wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kuyaleta huku kwetu Simiyu. Tuseme siku moja bomba linafika mita 50 kutoka mlango wa mama. Mpwa wangu ataamka saa kumi na mbili badala ya saa kumi na moja. Atapata saa moja na nusu zaidi ya kulala, kusoma, kukaa tu kama mtoto. Na siku hiyo hatua zake zitaanguka, huenda nusu nzima. Mtafiti aliyeko mbali, anayeangalia grafu peke yake, ataona mstari umeshuka. Anaweza kuandika, kwa nia njema kabisa, kwamba maendeleo yanawafanya watoto wa Bariadi kuwa wavivu.

Na hatari hiyo ni kweli, sipingi. Miji yetu inakua, chipsi zipo kila kona, watoto wanaanza kunenepa kwa namna ambayo wazee hawakuijua. Lakini dawa ya hilo haiwezi kuwa kumwacha binti na ndoo yake. Watoto wawili wanaweza kuwa na dakika 60 zile zile. Mmoja amezipata uwanjani, anafukuzana na mpira, anaweza kuacha akichoka. Mwingine amezipata njiani, na akiacha, nyumba nzima inakosa maji. Kwenye jedwali wako sawa. Kwenye uso wa dunia hawako sawa hata kidogo. Tofauti yao haipo kwenye mwendo. Ipo kwenye hiari, kwenye mzigo, na kwenye swali la nani anafaidika na jasho hilo.

Kuna mfano wa karibu sana na sisi. Upande wa kusini-mashariki mwa mkoa wetu, kutoka Meatu kuelekea bonde la Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe. Hawa ni miongoni mwa watu waliovalishwa vifaa mara nyingi Afrika Mashariki. Walipimwa kwa GPS, kwa mikanda ya mapigo ya moyo, kwa saa za usingizi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walionyesha jambo la kushangaza: ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu ambazo Mhadzabe anatumia kwa siku hazipishani na za mtu wa Ulaya au Marekani, pamoja na kutembea kote kule. Mwaka 2017 timu ya David Raichlen ikaonyesha kwamba wanapata mwendo wa kadiri na mkali mara nyingi zaidi ya kile kinachopendekezwa, na mioyo yao iko salama.

Ni sayansi nzuri, na nimejifunza mengi kwayo. Ila angalia safari ya matokeo yale. Yalisomwa na watu wanaotaka kupungua uzito. Yakawa vitabu, yakawa ushauri. Mguu wa mtu wa Eyasi umekuwa dawa ya kiuno cha mtu wa ng'ambo. Na ardhi anayoitembea huyo Mhadzabe, ambayo bila hiyo hakuna mwendo wa kupimwa, imeendelea kupungua kwa mashamba na mifugo, ikiwemo mifugo yetu sisi Wasukuma. Hilo halimo kwenye mkanda wa mapigo ya moyo.

Mama yangu ana namna yake ya kuliweka jambo hili. Nilipojaribu kumweleza kuhusu watafiti, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kama kengele ya ng'ombe." Nikamuuliza kivipi. Akasema kengele anavishwa ng'ombe, lakini anayeihitaji ni mwenye ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe anajua alipo.

Juni 2025 Rais Samia alizindua hapa hapa Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na ng'ombe wakaanza kuvishwa heleni za utambuzi. Hakuna aliyewauliza ng'ombe, na sioni ubaya. Ng'ombe ni mali. Mtoto si mali. Ukimfunga kitu mwilini kinachosema anaamka saa ngapi, anapita wapi, analala saa ngapi, lazima ujibu: hii kengele ni ya nani?

Sheria yetu imeliona hili, angalau kwenye karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Na utafiti wa afya kwa binadamu unatakiwa kupita kwenye kibali cha maadili, NIMR wakiwa ndio wenye dhamana ya kitaifa. Mtafiti mwenye adabu anaomba ridhaa ya mzazi, anamuuliza na mtoto, na anamwambia kwamba anaweza kukivua wakati wowote.

Mimi mwenye saa ya dukani sikufanya hata kimoja. Dada yangu sikumpigia. Ile saa ilikuwa na jina langu, umri wangu, uzito wangu. Usiku ule nikiwa nimelala nikafungua ramani kwenye simu, nikaona mstari mwembamba unatoka nyumbani kwa mama, unashuka mpaka mtoni, unarudi, unashuka tena. Pembeni saa: kumi na moja na dakika nane. Giza totoro. Njia ya mtoto wa kike wa miaka 11, na saa anayopita peke yake, vimehifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni ambayo hata ofisi yake sijui iko bara gani. Nimeviweka pale mimi mwenyewe, kwa furaha ya fataki.

Nilifuta. Lakini kufuta ramani hakukufuta nilichokiona. Kwa sababu nilikuwa nimeona na kingine. Katika nyumba ile ile kuna kaka yake wa miaka 13, mrefu, mwenye afya, anayelala mpaka saa kumi na mbili na nusu. Mtu mmoja anabeba maji ya watu wanne.

Asubuhi nikamwambia mama, kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo. Nikamwonyesha na namba. Mama akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hilo tulikuwa tunalijua bila saa."

Nilinyamaza, kwa sababu ni kweli. Mama anajua. Binti anajua kuliko wote. Jirani wanajua. Na mimi nilijua, maana nyumba hiyo hiyo dada yangu ndiye alikuwa anaamka saa kumi na moja, na mimi ndiye nilikuwa nalala. Ilibidi mashine iniambie ndipo nikakubali kuona. Hapo ndipo nilipofika kuhusu vifaa hivi: mara nyingi vinatuambia kile ambacho wenye miili walishakijua, na tunaviamini kwa sababu wenye miili hatukuwahi kuwasikiliza.

Sisemi watoto wasipimwe. Wapimwe. Bila namba, waziri hawezi kupanga bajeti, na shida ya binti mmoja inabaki kuwa hadithi. Ila anayepima akubali mambo matatu. La kwanza, amuulize mtoto huo mwendo ulikuwa wa nini, na aandike jibu karibu na namba, mchezo uitwe mchezo na ndoo iitwe ndoo. La pili, matokeo yarudi kwake kwa lugha anayoielewa. Vile vifaa vya utafiti mara nyingi havina kioo, makusudi, ili mtoto asibadilishe mwendo wake kwa kujitazama. Naelewa sababu. Lakini siku saba zikiisha, ana haki ya kujua kengele ilisema nini. La tatu ndilo zito. Ukishajua kwamba mtoto anatembea peke yake gizani, huwezi tena kuwa mtu asiyejua. Kujua ni deni. Mtafiti anaweza kulilipa kwa kuandika vizuri na kupeleka taarifa panapohusika. Mjomba analilipa kwa kumwamsha kijana.

Sisi Wasukuma ukiulizwa habari za nyumbani unajibu "mhola", salama. Mama akiitamka anamaanisha watu, ng'ombe, mvua na jirani, vyote kwa mpigo. Hawezi kusema mhola kwa sababu mtu mmoja ametembea sana. Nadhani afya ya mtoto ipimwe kwa upana huo, hata kama haitaingia kwenye grafu.

Kabla sijaondoka tulikaa, mama, kijana na mimi. Yalisemwa maneno. Kijana alinuna, akadai kuteka maji ni kazi ya wasichana, mama akamuuliza kama huwa hanywi. Ikakubaliwa kwamba ndoo mbili za alfajiri ni zake. Nilipopiga simu wiki iliyopita mama aliniambia kijana anakwenda, ingawa siku nyingine lazima aamshwe kwa fimbo ya maneno.

Mpwa wangu akaomba simu. "Mjomba, ukija uje na ile saa."

Nikamuuliza ya nini.

"Nataka nicheze nayo rede nione kama inapiga fataki."

Nilipiga hesabu kichwani. Bila zile safari mbili za alfajiri, hatua zake kwa siku zimepungua kama 7,000 hivi. Nikamwambia sidhani kama itapiga. Akacheka, akasema haidhuru, akamrudishia bibi simu, nikasikia miguu yake inakimbilia nje.